Mwisho Kesho, mwanamke anayewazuia wasanii kujikatalia

Saa tatu asubuhi, cherehani ya kwanza inapoanza kukimbia, mwanamke mmoja amekaa kwenye kona ya duka la ushonaji, magoti yamebanwa na marobota ya vitambaa. Mbele yake kuna kompyuta ya mkononi iliyong'oka vitufe viwili. Anasoma tangazo kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya mtoto.

"Wachongaji... wasiozidi miaka thelathini na mitano. Huyu wangu kashapita," anasema na kulifunga.

Linalofuata ni la watafiti wa nyimbo za zamani. Hapo anakaa sawa. "Hili lina mwenyewe."

Kazi yake ni kuwatafutia wasanii na wasomi ruzuku, tuzo na nafasi za ukaazi, yaani nyumba ambako msanii hupewa chumba na muda wa kufanya kazi yake kwa utulivu. Mtaani wanamwita Mwisho Kesho, kwa sababu hiyo ndiyo salamu yake. Akikutana na mchoraji sokoni hamuulizi habari za nyumbani. Anamwambia, "Ile tuzo, mwisho kesho!" Wenye viporo vya maombi wakimwona kwa mbali hukata kona.

"Mpiga ngoma mmoja alijificha nyuma ya gari la maji," anasimulia mama yake mdogo, ambaye ndiye mwenye duka, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo. "Nikamwambia, toka tu, baba, huyu hakudai. Akanijibu, afadhali angekuwa ananidai."

Kwa miaka mingi Mwisho Kesho alikuwa karani wa chuo. Matangazo ya ufadhili yalifika ofisini kwa bahasha, yakakaa juu ya kabati, yakaishia kufungia karanga. Siku moja akaanza kuyabandika mlangoni. Wanafunzi wakajaa, na baada yao wakaja mafundi kutoka nje ya geti. Chuo kilipopunguza wafanyakazi aliondoka na kompyuta hiyo na watu wake.

Sasa anatoza bei ya mkate na paketi ya maziwa, mtu apate asipate. Asilimia hachukui.

"Nikichukua asilimia nitaanza kupendelea wenye dalili ya kushinda," anasema. "Na huyu mwenye mikono mizuri asiyejua kujieleza, nani atamshika mkono?"

Miezi mingine kinachoingia hakifiki hata kodi ya chumba chake. Hapo humshonea mama mdogo vifungo, ndoo nzima ya vifungo, akisikiliza watu wakijieleza.

Kujieleza kwenyewe ni mtihani. Wengi huja na barua za kuomba huruma. "Mtu anatengeneza kiti ambacho ukikikalia hutaki kuinuka," anasema, "lakini karatasi nzima anahadithia matatizo ya ukoo. Namwambia, bwana, weka pembeni mazishi. Kisifie hicho kiti kama unamuuzia mkweo."

"Na mkwe akikosa hela?" anachomekea mama mdogo.

"Ndiyo maana asifie vizuri."

Lakini kosa linalomnyima raha ni jingine. Anamkumbuka mchongaji mmoja anayetembea kwa magongo. Alichaguliwa kwenda kwenye nyumba ya wasanii, akaona picha ya ngazi ndefu, akaandika kushukuru na kukataa. Baadaye ikajulikana vyumba vya chini vilikuwa vitupu muda wote.

"Hakuna aliyemkataa," anasema polepole. "Alijikatalia mwenyewe, kwa heshima zote. Sisi tumelelewa tusisumbue watu. Ni malezi mazuri, lakini mlangoni yanatuponza."

Jumanne hii kosa lilelile linaingia dukani likiwa na mtoto mgongoni.

Ni mfinyanzi, mama wa mtoto wa miezi saba. Nyuma yake yupo mama mkwe wake, amebeba mfuko wa nepi, uso ameukaza. Mfinyanzi anatengeneza vyungu vikubwa vya kimo cha mtoto anayeanza shule. Uani kwake upepo unauchezea moto, na kila vyungu vitano anavyochoma, vitatu hupasuka. Nyumba ya wasanii iliyomchagua kwa miezi miwili ina tanuri la matofali na mwalimu wa kumwonyesha namna ya kulitumia. Anatakiwa kuthibitisha kabla ya saa sita mchana kesho.

"Dada, niandikie tu barua nzuri ya kuwashukuru," anasema. "Kanuni yao ni chumba kimoja mtu mmoja, wageni hawalali. Na huyu bado ananyonya."

"Unataka kwenda?"

"Kutaka si hoja, dada."

"Nimeuliza unataka?"

Mfinyanzi anamshusha mtoto, anamlaza kifuani. Tangu ajifungue, anasema, hajagusa udongo. "Juzi nilikanda unga nikajikuta nimeuinua mdomo kama chungu. Nikacheka peke yangu jikoni. Halafu nikalia."



"Mtoto mchanga hapelekwi-pelekwi," anasema mama mkwe kutoka kwenye benchi. "Mimi simo. Nimesindikiza tu."

Mwisho Kesho haandiki barua ya shukrani. Anaandika sentensi chache tu: msanii anakuja, ana mtoto anayenyonya, atahitaji mtu wa kumshikia mtoto akiwa kazini; je, mnaweza kuwapokea? Mfinyanzi anamshika mkono kabla hajaituma.

"Wakikasirika wakaniondoa?"

"Wewe ulikuwa unajiondoa bure. Usijikatalie, mdogo wangu. Kazi ya kukataa waachie wenyewe."

Anaituma.

Jumatano asubuhi wote wamerudi. Mfinyanzi hajakaa. Anazunguka kati ya marobota na mlango, akimbembeleza mtoto ambaye wala halii. Mama mdogo anamtania kwamba akiendelea hivyo atampimia gauni la kutembelea. Saa nne imepita simu inapoita. Mpigaji ni mama msimamizi wa nyumba ya wasanii, na Mwisho Kesho anaweka sauti wote wasikie.

"Nimeisoma mara mbili," anasema msimamizi. "Kanuni inakataza wageni kulala. Kuhusu mtoto haisemi neno. Nimewauliza waliotangulia hapa, wanasema hakuna aliyewahi kuuliza."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote. Sijui kina mama walikuwa wanafanyaje."

"Walikuwa wanaandika kuwashukuru," anasema Mwisho Kesho.

 Kisha msimamizi anaeleza kuwa ndani ya nyumba haiwezekani, vyumba ni vya kubanana. Lakini uani kuna chumba cha mtunza bustani ambacho hakikai mtu. Paa ni zima. Watakipaka chokaa na kuongeza kitanda. Masharti ni mawili: mtoto asisogee karibu na tanuri, na mlezi waje naye wenyewe, maana wao hawana wa kuwapa. Jina la mlezi liwafikie kabla ya saa sita.

Simu inakatwa. Mfinyanzi anamtazama mama mkwe wake, kisha anainamisha macho. Anavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kushukuru na kukataa kwa mara ya pili.

"Unaanza tena," anasema Mwisho Kesho taratibu. "Muulize."

"Mama..." Anamsogezea mtoto. "Mama, unaweza kwenda na sisi?"

Bibi anampokea mjukuu, anamweka begani, anampigapiga mgongo mpaka acheue.

"Tangu jana mnanichukulia kama mfuko wa nepi," anasema. "Nilikuwa nangoja mtu aniulize." Anamfuta mtoto mdomo. "Huko kuna baridi? Maana nitahitaji sweta."

Mama mdogo keshashika futi ya kupimia.

Jina la bibi linatumwa saa tano kasoro. Jibu la kuwakaribisha linarudi kabla hawajamaliza kukunja kanga ya kumbebea mtoto.

Wakishaondoka, Mwisho Kesho anaeleza kile anachokitamani. Ni chumba kimoja chenye mlango wa kufunga, kiti cha mama kunyonyeshea na mkeka wa watoto, ili mtu ajieleze bila kushindana na kelele za cherehani. Kuna ruzuku ya vituo vidogo vya kuwahudumia wasanii, ameiona tangu mwezi uliopita. Hajaiomba.

"Mimi si msanii wala msomi," anasema. "Watanipa kwa lipi?"

Mama mdogo anasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Hebu rudia hayo maneno, nimsikie vizuri huyo anayejikatalia."

Mwisho Kesho anacheka, lakini kicheko kinamwishia njiani. Anageukia kompyuta, analitafuta tangazo lile, analifungua.

"Mwisho lini?" anauliza mama mdogo.

"Kesho."

"Basi andika, mwanangu. Lete hiyo ndoo, vifungo vya leo nitashona mwenyewe."