Wakwe Waliokuja Mikono Mitupu

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, mwili wa baba ukiwa bado mochari mjini Kisumu, nami niko jikoni kwa mama yetu huko Ahero nikisonga ugali wa waombolezaji. Kaka yangu Ojwang' aliingia akaniambia, "Nimewatumia wakwe zako ujumbe. Kama Sabato yao inawakataza kuzika mtu, wakae nayo hukohuko Katito." Nililia machozi ya hasira mpaka ugali ukaungua.

Ngoja nikueleze vizuri, maana nyinyi vijana mnaoana bila hata kuulizana kanisa. Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho, nami nilikuwa bado mgeni katika ndoa. Kwetu sote tulikuwa watu wa Jumapili. Ojwang' alikuwa ameokoka karibuni, akihubiri sokoni na Biblia kubwa kwapani, na kwa mistari hakuna aliyemuweza. Mimi nikaolewa Katito, kwa watu wanaoshika Sabato. Ijumaa kabla jua halijazama, mama mkwe wangu, Mama Dorka, alikuwa ameshapika chakula cha kesho yake na maji yameshachotwa. Jumamosi hakushika jembe wala sufuria. Sikuhamia kanisa lake, naye hakuninunia kwa hilo. Alinitania tu kwamba napumzika siku yake na siku yangu, kwa hiyo kazi naifanya lini?

Basi baba akafariki, na mazishi yakapangwa Jumamosi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndugu zetu wa Nairobi wangepata ruhusa kazini siku hiyo tu, na tangazo lilikuwa limeshasomwa redioni. Lakini kwetu Waluo mkwe haji matangani kutazama. Huja na ng'ombe, na wanawake wake huingia jikoni kupika, watu wote wakiona. Wakwe zangu walituma mtu kuuliza kwa upole kama siku ingeweza kusogezwa, na jibu la Ojwang' ndilo hilo nililokuambia. Jioni hiyohiyo shemeji yangu mkubwa akarudisha neno kwamba hawaji.

Pengine unaona ni jambo dogo. Mwanamke ambaye baba yake amezikwa bila wakwe husemwa mpaka azeeke, tena wanaomsema ni watu wa kwao na wa kwa mumewe pia. Nami nilikuwa na mimba ya kwanza. Nilijiuliza mtoto huyo angekuwa na raha gani kati ya nyumba mbili zisizosalimiana. Niliogopa sana.

Mama alikuwa ameketi sakafuni chumbani, mjane mpya, haongei na mtu. Nikamweleza yote. Akaagiza Ojwang' aitwe.

"Ojwang', huyu Mama Dorka anashika Jumamosi kwa nini?"

"Mama, hao ni watu wa sheria. Hawajaelewa neema."

"Hiyo ni wewe unasema. Mimi nauliza, yeye anasema aje?"

Ojwang' akaanza kumtajia nyaraka za Paulo. Mama akamkatiza. "Sijauliza Paulo anasema aje. Umekula kuku ya hao watu, umecheka na wao, na hujawahi uliza? Sasa nenda uulize. Ukirudi, uniambie vile yeye mwenyewe angeniambia. Kama huwezi, basi leo umetukana mtu hujui."

Kaka yangu alikuwa mkali, ila mama aliyefiwa hakuna wa kubishana naye. Kesho yake asubuhi tulipanda gari mimi na yeye mpaka Katito.

Mama Dorka alitupokea vizuri. Alituletea chai na viazi vitamu, akauliza kama mama yetu anapata usingizi. Ule ujumbe hakuutaja kabisa. Ojwang' alikuwa amejiandaa kwa vita, na viazi vile vikamchanganya. Mwishowe aliuliza swali lake kwa sauti ya askari anayeuliza kitambulisho.

Mama Dorka akafikiri kidogo. "Mungu alipumzika siku ya saba wakati hakuna Myahudi hata mmoja duniani. Ilikuwa Adamu na bibi yake tu. Kwa hivyo mimi sioni hiyo siku kama kamba ya kunifunga. Ni zawadi. Mume wangu alikufa mapema, mwanangu, akaniachia watoto na shamba. Hiyo siku moja ndiyo Mungu alikuwa ananiambia, Dorka, keti. Mtu mwingine hakuwahi kuniambia niketi."

Kisha Mama Dorka akamgeuzia Ojwang' swali: "Na wewe? Jumapili ni ya nini kwako? Mimi niliambiwa mnafuata tu wazungu."

Hapo kaka yangu akasahau kuhubiri. Alimweleza juu ya wanawake waliofika kaburini alfajiri wakalikuta wazi, kisha akamweleza juu ya Jumapili aliyoacha pombe, alivyozinduka mtaroni alikolala na kusikia watu wakiimba kanisani. Hata mimi dada yake nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Wakabishana mpaka mchana. Ojwang' alimwambia waziwazi kwamba bado anaona amekosea, na Mama Dorka akajibu, "Hata wewe." Wakamimina chai nyingine. Kabla hatujaondoka, Ojwang' aliomba radhi kwa ule ujumbe, bila kujitetea, akaomba ng'ombe aletwe Ijumaa mapema, na wanawake wapike siku hiyohiyo.

Wakaja Ijumaa na ng'ombe wao, wakapika. Jua lilipokaribia kuzama, wakaenda kulala kwa jirani wa imani yao, maana kwetu mkwe halali kwa mkwe. Kumbe waombolezaji wengi walikuwa bado njiani na hawakuona lolote. Jumamosi wakwe zangu walipofika kutoka kwenye maombi, wamevaa nguo safi, mikono mitupu, wakaketi kivulini wakatulia, minong'ono ikaanza. Shangazi yetu mmoja akasema kwa sauti, "Hawa ni wakwe ama ni wageni wa harusi?" Watu wakacheka. Niliinamisha kichwa kwa aibu, nikatamani kwenda zangu.

Ojwang' akasimama kando ya jeneza, na kwa mara ya kwanza nikamwona mbele za watu bila kufungua Biblia. "Hiyo supu mmekunywa asubuhi ni ya ng'ombe yao," akasema. "Ilifika jana." Kisha akaeleza imani ya Mama Dorka, tangu Adamu na bibi yake mpaka ule ujane na lile shamba. Hakupunguza neno wala hakuweka kejeli. Mtu asiyemjua angedhani ameshahamia huko. Akamalizia, "Mimi kesho naenda kanisa yangu kama kawaida. Sikubaliani na huyu mama. Lakini hapa hakuna mtu atasema hakuja kuzika baba yangu."

Mama Dorka aliinuka kivulini, akapita katikati ya watu wote, akaketi chini kando ya mama yangu. Mama akamsogezea mkeka. Nililia tena siku hiyo, na safari hii sikumlilia baba peke yake.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu nimesikia hamsalimiani wewe na rafiki yako kwa sababu ya ubatizo wa watoto wachanga. Sikuambii uache unachoamini. Shika sana. Lakini kabla hujamjibu, mwulize, tena umwulize yeye mwenyewe, si wale wanaomcheka. Imani yake uieleze mbele yake, naye akubali kwamba ndivyo. Hapo ndipo umepata ruhusa ya kumwambia amekosea, na umwambie uso kwa uso, kwa sauti unayoweza kuombea nayo. Ukishamtukana, usingoje yeye aanze; nenda nyumbani kwake ukaombe radhi. Na msiba wake ukitokea, uwepo.

Mungu akulinde na ulimi wako mwenyewe. Akupe marafiki wa kubishana nao mchana kutwa na kula nao jioni. Na siku utakayolia, wawe wa kwanza kuingia kwako. Amina.