Mstari Uliogoma Kutoka

Ndugu wasomaji, huenda mimi ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kuokolewa na ubaya aliopanga kuwafanyia wenzake.

Vuteni viti.

Klabu yetu ya kompyuta iliandika mfumo wake wa uendeshaji kuanzia sifuri. Hakuna picha, hakuna kipanya. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Mstari mpya ukiingia chini, wa juu kabisa unasukumwa nje.

Ukishatoka, buriani.

Mimi nikaona huo ni ubadhirifu. Kimyakimya nikatenga nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine, kila mstari unaosukumwa nje uangukie humo. Ikijaa, mgeni anamfukuza mkongwe kuliko wote. Bonyeza kitufe cha kupanda, mistari inarudi.

Nia yangu? Kusoma mashairi ya mapenzi ya Kipanga, jirani yangu wa kitanda bwenini, aliyedhani yakitoka kiooni yamezikwa.

Sikumwambia mtu.

Siku ya maonyesho tukarudi kutoka kula. Faili zote za maonyesho, hakuna.

Nyundo, mwalimu wa nidhamu, alikuwa mlangoni.

"Nani humu ana tabia ya kuchezea vitu vya watu?"

Klabu nzima ikanigeukia. Hata Kipanga, msaliti.

"Mwalimu, haki ya Mungu, safari hii si mimi."

"Safari hii!" Akatabasamu vibaya. "Fungasha sanduku, mwanangu. Baba yako atakuja kukuchukua."

Baba alishaapa: nikifukuzwa tena, shule basi, nikabebe matofali.

"Mwalimu, mashine inakumbuka kilichoandikwa."

"Inakumbuka nini? Hebu nizime hilo dude." Mkono wake ukashika waya wa umeme.

"USIZIME!"

Ndiyo. Nilimfokea Nyundo. Watu wakashika vichwa.

"Ukizima, kumbukumbu yote inafutika," nikasema. "Nipe nafasi moja tu. Nikikosa, sanduku nalibeba mwenyewe kichwani."

Akauachia waya. Polepole.

Nikabonyeza. Mistari ikaanza kurudi, na minong'ono ikapanda nayo. Hakuna aliyejua kioo chetu kinaweza hilo.

Nikasimama hapa:

NITAFUTA FAILI ZOTE.
NIENDELEE?

"Hilo swali niliacha mimi," Kipanga akasema, karibu kulia. "Nilikosea amri, kengele ya chakula ikalia, nikatimka. Lakini sikujibu!"

Nikashuka mstari mmoja.

ndiyo mwanangu, endelea



Shule nzima, mtu anayemwita kila kiumbe mwanangu ni mmoja. Na ndiye aliyekuwa akikagua vyumba wakati sisi tunakula. Mashine ilimwuliza, naye kama mzazi mwema akaijibu, bila kusoma cha juu yake.

Nyundo akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha kuingiza. Tena. Tena. Alitaka kuusukuma mstari ule nje, kama alivyozoea kuona.

Mstari haukutikisika. Niliupanga mfumo hivyo: anayesoma ya zamani asiburutwe na mapya, yasubiri chini.

"Mbona hautoki?"

"Hautoki, Mwalimu. Mpaka nishuke mimi."

Akakohoa. Akakagua dari.

"Sanduku libaki bwenini," akasema. "Na wewe, mwana..."

Akalimeza neno lililobaki, akatoka.

Asubuhi ile tulikuwa tumeipitisha programu yote ya maonyesho kiooni kuikagua, kwa hiyo nikazidi kupanda, tukainakili upya mstari kwa mstari.

Katikati nikakuta shairi. Kipanga akanibana mkono: "Ndugu yangu, pita."

Nikapita. Alinigeukia, ndiyo, lakini utu ni kitu.

Ila nilisoma beti mbili. Mbovu.

Funzo: kilichotoka machoni hakijatoka duniani. Na ukiulizwa "Niendelee?", uliza kwanza tunaendelea na nini.