Nishani za Baba Yake Bibi

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu aliingia kwangu Mtawanya bila hata hodi, simu mkononi, anatweta. "Shangazi, zile nishani, mwenyewe amepatikana!" Nilikuwa napeta mchele, nikaweka ungo chini. Mwenyewe gani tena? Nishani zina mwenyewe tangu enzi na enzi. Ni za baba yake bibi yangu, na mwenye neno jingine aje na kiti chake tukae vizuri.

Lakini ngoja, rafiki yangu, nikurudishe Mikindani kwanza, maana nikianza na ya simu hutaelewa kwa nini hasira zilinipanda.

Nimelelewa na bibi, katika nyumba ya udongo yenye uwanja uliofagiliwa mpaka ukawa mgumu kama saruji. Msimu wa korosho mtaa mzima ulinuka moshi. Tulizikaanga kwenye bati bovu, tukazibangua tukiwa tumechuchumaa, na mafuta ya maganda yakitubabua vidole. Ole wako ujisahau ujipanguse uso! Ulivimba, na wenzako walikucheka wiki nzima. Jioni tulikula ming'oko, vile viazi vya kuchimba porini, ya kuchemsha, ya moto, kwa chumvi tu. Sijala kitu kitamu kama ile ming'oko, na nimekula harusi nyingi mimi.

Ikikaribia Idi, bibi alitoa kitambaa chekundu chini ya mto wake. Ndani mlikuwa na nishani tatu zilizoshikamana kwenye kichuma kimoja, zikining'inia kwa vipande vya utepe uliofifia. Kazi ya kuzisugua kwa majivu na ndimu ilikuwa yangu, na niliipenda mno. Bibi alikaa pembeni akinisimamia kwa mdomo: "Taratibu, hiyo si sufuria!"

Bibi hakumjua baba yake. Alichukuliwa kwenda vita vya Wajerumani bibi akiwa bado tumboni, akavuka Ruvuma, hakurudi. Kaburi hakuna, picha hakuna. Kilichorudi ni nishani, zikiletwa na mwenzake wa safari aliyenusurika. Yule mtu alifika, akamkabidhi mama yake bibi na kusema, "Mwenzangu alikuwa nazo hizi." Bibi aliyarudia maneno hayo hivyohivyo kila mwaka, bila kuongeza wala kupunguza. Kwake yalitosha. Baba yake alikuwa askari, tena askari wa kupewa nishani.

Sasa kulikuwa na jirani yetu, binti wa huyohuyo aliyezileta. Yeye Mmakua, bibi Mmakonde, mashoga wakubwa, na utani wao haukuwa na breki. Alipita uani na ndoo yake kichwani na kuita, "Mtoto wa mpagazi, umeamkaje?"

Mpagazi! Yaani mbeba mizigo ya Wajerumani. Sisi watoto tulishika vinywa.

"Mpagazi?" bibi aliruka. "Uliona wapi mpagazi ana nishani? Mjukuu wangu, hebu niletee!"

Nilikimbia ndani kama nimetumwa na mfalme. Bibi alizibandika kifuani juu ya kanga, akaweka mikono nyuma, akatembea uwanja mzima kidevu juu, huku jirani akicheka mpaka maji yanammwagikia. Mwisho alisalimu amri: "Haya mwana wa askari, yaishe, umenishinda." Kisha hao, wanakula sahani moja. Nami nilivimba kichwa, kana kwamba niliyeshinda ni mimi.

Turudi kwenye simu. Kijana wetu alizipiga picha nishani akazituma mtandaoni, akampata mtu huko Ujerumani ambaye kazi yake ni kutafuta wenyewe wa nishani za zamani. Yule mtu akajibu kwa upole kwamba nishani zilizofungwa pamoja husimulia maisha ya mtu mmoja. Hii ya kwanza walipewa waliopigana vita vya China. Ya pili, ya utumishi wa miaka mingi. Ya tatu hupewa mtu aliyemwokoa mwenzake asizame majini. Waliopata zote tatu na kuja huku alimwona mmoja tu, ofisa wa Kijerumani aliyefia ng'ambo ya Ruvuma. Akataja na jina.

"Kwa hiyo shangazi, babu aliiba?" Nusura nimpige na ungo.

Alipoondoka nililia. Sikuona haya kulia, nakwambia. Niliona kama bibi amenyang'anywa baba mara ya pili, na safari hii hata kuzivaa ili ajibu hawezi, yuko kaburini. Na yale maneno yakanigeukia. Alikuwa nazo. Yule mtu hakusema zilikuwa zake.

Ikabidi niende Chuno kwa binti wa yule jirani yetu Mmakua. Mama yake alishatangulia mbele ya haki, naye sasa ni mtu mzima, anauza vitumbua barazani.

"Dada, habari ya zile nishani uliijua?"

"Niliijua, mdogo wangu." Aligeuza kitumbua. "Babu alitusimulia. Walikuwa wapagazi wote wawili. Sanduku moja la ofisa, mti mmoja wa kulibebea, babu yenu mbele, babu yetu nyuma. Ofisa akafa kwa homa, sanduku likaachwa porini. Babu yenu akachomoa nishani, akazifunga kiunoni, akasema, 'Mke wangu nimemwacha mjamzito, nikijaliwa nitampelekea mtoto achezee.' Hakujaliwa. Babu yetu akazileta."

"Na mama yako?"

"Ndiye aliyetukataza. Alisema atakayemwambia shoga yake, hatakula chakula chake tena."

"Mbona yeye alimwita mtoto wa mpagazi kila siku?"

Akacheka, kicheko cha mama yake kabisa. "Alipenda kumwona anavyozivaa."

Nikamwambia basi nusu ni zenu, mzigo walibeba wawili. Akasema, "Tuzikate kwa shoka? Kaa nazo. Kula kitumbua, kitapoa."

Ile nyumba ya Mikindani imeanguka. Uwanja umeota majani, hakuna wa kuufagia. Idi siku hizi watoto wanainamia simu, na ule utani wa kuitana uani asubuhi mbele ya mtaa mzima sijausikia tena. Leo ukimwita jirani hivyo atakupeleka kwa mwenyekiti. Nawakumbuka wale wanawake wawili mpaka kifua kinauma. Utoto wangu wote niliamini hakuna wa kumshinda bibi yangu kwa maneno.

Kumbe alikuwa anaachiwa.