Mwaka Ambao Hakuna Aliyepata Homa

Harufu ya majani ya mwarobaini yanayochemka bado hunisimamisha njiani, hata nikiwa na haraka. Mama alituchemshia kila masika, mimi na mdogo wangu Anje, nasi tulijificha nyuma ya ghala la mpunga ili tusinywe uchungu ule. Kisha ukaja mwaka ambao sufuria ile haikuwekwa motoni hata mara moja.

Nilikuwa na miaka kumi, Anje mitano. Tuliishi ng'ambo ya mto kutoka Kivukoni, nje ya Ifakara, kwenye kijiji cha wakulima wa mpunga na wavuvi. Wataalamu kutoka nchi ya mbali walipiga mahema kando ya mto, wakaachia mbu waliowatengeneza wenyewe. Tuliambiwa mbu hao wakituuma, mate yao yatatukinga na malaria. Tulicheka sana, nani aliwahi kukaribisha mbu nyumbani kwake? Lakini masika yalikuja na hakuna aliyechemka mwili kijijini. Wazee waliozoea kulala kitandani mwezi mzima walishinda mashambani. Kanisani tuliimba kushukuru, na zahanati ikaacha kupima malaria.

Wakati wa kupalilia, Mama aliniachia Anje.

"Ukiona hachezi, mguse," aliniagiza. "Akiwa wa moto, nikimbilie shambani."

Siku moja Anje alikataa uji. Alijilaza kwenye mkeka akasema miguu yake imekuwa mizito. Nilimgusa, alikuwa wa baridi kama mtungi. Nikamfunika khanga, nikaenda kuruka kamba na wenzangu. Mchana nilirudi kumgusa. Bado baridi. Mama aliporudi jioni alimkuta macho yamegeuka, meno yameumana.

Kule zahanati, nesi alimwekea kipimajoto kwapani, akakisoma mara mbili.

"Hana homa, mama. Labda ni jua."

"Dada, mtoto hanijibu! Mpime malaria!"

"Vipimo vilisharudishwa. Si hakuna anayeugua malaria siku hizi?"

Mama alimfunga Anje mgongoni, tukapanda pikipiki kuelekea Ifakara, mimi nimebanwa kati yake na dereva. Njia nzima alimwita Anje kwa Kindamba, lugha ya kwao aliyoitumia pale tu alipoogopa. Tulipovuka daraja alikuwa bado anamwita. Mbele kidogo akanyamaza. Dereva alisimamisha pikipiki bila kuambiwa.

Baada ya Anje kuzikwa, walifuata watoto wengine. Wale wataalamu walikuja kupima damu zetu, ndipo tukajua malaria haikuwa imeondoka hata siku moja. Mbu wao walikuwa wameizima homa tu, ugonjwa ukabaki ukila watu kimyakimya. Mmoja wao, mwanamke, alikaa chini uani kwetu akalia. Mama alimpa maji ya kunywa. Mahema yakang'olewa.

Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Nilijilaumu mwenyewe, kila siku: nilimgusa, alikuwa wa baridi.

Baada ya miaka miwili, mbu wale wakiwa wameshakwisha bondeni, niliamka asubuhi natetemeka, kichwa kinapasuka. Mama aliweka kiganja shingoni mwangu, akatoka nje, akapiga vigelele. Majirani walikuja mbio.

"Mwanangu anaungua!" aliwaambia, analia na kucheka kwa pamoja, huku akinibeba kunipeleka zahanati. Nililia kwa hasira hadi tukafika. Niliamini mama yangu anafurahi kwamba namfuata Anje.

Niliishi na wazo hilo miaka mingi, na sikumwambia mtu. Nimeelewa juzijuzi tu, mwanangu alipopata homa yake ya kwanza. Nilimkimbiza hospitali, na katikati ya hofu nikajikuta nashukuru. Mwili wake ulikuwa unaniita, nami niliusikia. Wa Anje uliniita kutwa nzima, bila sauti.