Mtoto wa Kumi

Nilikuwa Columbus, Marekani, mwaka wangu wa tatu wa masomo ya uzamifu, nikichambua taarifa za wakaguzi wa shule za vijijini kwenye makoloni ya karne ya kumi na tisa. Ni kazi ya kukaa na kukodolea macho mwandiko wa Mzungu aliyekufa zamani, aliyezunguka kwa farasi wiki nzima ili ahesabu watoto na kumtaka kila mmoja asome mstari. Wazee wa makanisa ya Wakongo walipopata habari hiyo, wakaniomba nikague madarasa yao ya Kiswahili ya Jumamosi: moja Louisville, moja hapa Columbus, moja Buffalo. Ni kama kumwambia anayesomea historia ya vita aende akapigane. Nilikubali, maana Mkenya akiitwa mtaalamu huwa hakatai.

Sharti la wazee lilikuwa moja. Darasa lenye wasomaji chini ya kumi lingefungwa, na chumba chake wapewe vijana wa kwaya.

Nilianzia Louisville, mtaa wa Iroquois. Hapo hapakuwa na shaka, watoto walijaa hadi mlangoni. Aliyenivutia ni msichana wa miaka kama tisa, mkono wake wa kushoto umefungwa plasta ngumu ya kijani iliyochorwa maua. Alisimama, akalamba kidole gumba, akafungua ukurasa na kusoma bila kukwama. Columbus nako mambo yalikuwa sawa.

Wiki ile ile, kwenye taarifa zangu za kale, nilikutana na kisa cha mvulana aliyekatika nusu ya sikio. Mkaguzi alimwona Jumatatu katika shule moja, na Jumatano akamkuta katika shule nyingine, ana jina jingine. Mwalimu wa shule ya pili alikuwa amemwazima, na mtoto alipita njia ya mkato akamtangulia farasi. Mkaguzi aliifuta shule hiyo kwa sentensi moja, na mwalimu hatajwi tena popote. Nilicheka, kisha nikamlaani yule mkaguzi kwa sauti. Alikuwa na roho ya jiwe, nilisema.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Buffalo. Darasa lilikuwa chini ya kanisa, mtaa wa Black Rock. Mwalimu alikuwa mama wa makamo kutoka Kivu, ambaye siku za kazi huogesha wazee katika nyumba ya kuwatunza. Watoto walikuwa kumi kamili. Wa kumi alivaa sweta kubwa, na chumba kile kilikuwa cha moto. Alisimama wa kwanza, akalamba kidole gumba. Alipofungua kitabu mkono wa sweta ukapanda, nikaona kijani na maua.

Nilimwacha amalize. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakijikwaa lakini wakisoma. Wa mwisho alikuwa mjukuu wa mwalimu, mdogo kuliko wote. Alisoma, "Mbuzi wetu amezaa," akacheka kwa furaha.

Watoto walipotoka nilimuuliza mwalimu kuhusu yule msichana. Hakukana.

"Bon, mama, ni mutoto wa mudogo wangu," alisema. "Balimuleta na gari siku muzima. Hawa bengine banajua kusoma, lakini bakiona mugeni banaogopa. Yeye akianza, bote banaanza."

"Lakini Mama, wa hapa ni tisa."

"Ni tisa, donc. Umebasikia. Andika kumi, na mimi nitamutafuta wa kumi. Nakuomba, mama."

Ningeweza. Hakuna ambaye angekuja kuhesabu tena. Lakini nilikuwa nimekwisha kujiona mtu wa haki, na nyani haoni kundule. Niliandika tisa, nikaongeza sentensi moja kuhusu mtoto wa kuazimwa. Mwezi uliofuata kwaya ilihamia chumba kile.

Miezi minane baadaye nilirudi Buffalo kwa harusi, nikaingia duka moja la Grant Street kununua sombe, kisamvu cha Wakongo. Mwalimu alikuwa pale na mjukuu wake. Niliona aibu, nikatamani kujificha nyuma ya magunia ya mchele, lakini alikuwa ameshaniona. Alinishika mikono miwili, akaniuliza habari za masomo, bila kinyongo chochote nilichoweza kukiona.

"Salimia mama," alimwambia mtoto.

"Hi," mtoto akasema.

"Mu Kiswahili."

Mtoto alinitazama, akamtazama bibi yake, kisha akamuuliza kwa Kiingereza mimi ni nani.

"Humukumbuki?" bibi alisema, huku akinichagulia sombe iliyo nzuri. "Ni ule mama alikuyaga kutuhesabu."