Ndama Walioshiba Kiangazi

Wenzangu mliokwenda shule na michembe mfukoni, mkitafuna viazi vikavu mpaka taya zinauma, bado mnaikumbuka ngitili? Nawauliza nyinyi kwa sababu wanangu nimekwisha kuwauliza, wakadhani ni aina mpya ya simu.

Kwetu, upande wa Msalala, ngitili ilikuwa kipande cha malisho ambacho familia ilikitenga mvua zilipoanza. Nyasi ziliachwa zikue, miti iliachwa ipumue, na hakuna mnyama aliyeingia mpaka kiangazi kikali, siku ambayo wakubwa wangesema imefunguliwa. Hapo ndipo walipoingia ndama, ng'ombe waliodhoofu na maksai wa kulimia, wetu na wa majirani. Hapakuwa na waya wala kibao. Uzio ulikuwa mdomo wa Baba, nasi tuliujua ukali wake. Tulipita pembeni tukiokota matunda ya furu, tukarudi nyumbani na ndimi nyeusi, na harufu ya zile nyasi zikianza kukauka naisikia mpaka leo.

Mwaka mmoja jua liliwaka kweli. Mimi na kaka yangu Maganga tulitumwa kuwapeleka ndama mbali, bondeni, kulikobaki majani kidogo. Lakini siku hiyo tulikuwa na rede ya kumaliza na wenzetu. Tukawaingiza ndama ngitilini kimya kimya, tukacheza mpaka jua likainama, kisha tukapatana maneno ya kusema nyumbani. Tulipanga kila kitu isipokuwa matumbo ya ndama. Kijiji kizima ng'ombe wanahesabika mbavu, sisi tunarudi na ndama waliovimba kama ngoma, wanatembea kwa kujivuta. Baba aliwatazama ndama, akatutazama sisi, akamwambia Mama asitupakulie kwanza.

Hakutuchapa. Afadhali angetuchapa. Alituzungusha nyumba kwa nyumba, kwa kila jirani aliyekuwa akizisubiri zile nyasi, tupige magoti na kusema, "Shikamoo. Tumekula kiangazi chenu." Kwa Mama Nyanzobe, jirani yetu mwenye ulimi, nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, naye akacheka mpaka akakaa chini. Njiani kurudi Baba alisema neno moja tu: "Ng'wanone, mwanangu, zile si nyasi za leo."

Siku hizi naishi Shinyanga mjini, katika nyumba ambayo Baba asingeielewa. Uani nimepanga vitofali vya saruji kila mahali. Mti wa mwisho niliukata kwa kosa la kudondosha majani. Mchana ua ule unaunguza nyayo, kwa hiyo tunajifungia ndani na feni, na umeme ukikatika tunamlaumu kila mtu. Wanangu wana picha nzuri sana za misitu kwenye simu zao. Nisiwacheke mno, maana aliyeagiza shoka ni mimi.

Mwaka huu Maganga akanipigia simu. Yeye alibaki nyumbani, na kijiji chetu cha Segese kimezidi kutanuka tangu mgodi uje, hata ngitili yetu imebaki peke yake katikati ya mabati.

"Kabula, njoo usaini tukate viwanja," akasema. "Kila mtu kauza. Sisi tu ndio tunafuga nyasi."

Nilikubali palepale, chai yangu haijapoa.

Nilifika na bodaboda saa saba mchana, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Maganga alikuwa amesimama ukingoni mwa ngitili na karatasi zake mkononi. Nikashuka, na upepo uliotoka kwenye miti ile ukanipiga usoni, wa baridi. Nilikuwa nimesahau kwamba upepo wa kwetu unaweza kuwa wa baridi mchana. Kijana wa bodaboda naye akaona kivuli, akasukuma pikipiki yake ndani apumzike. Maganga akaruka, karatasi za kuuzia zikipepea mkononi.

"We! Toa chuma chako humo! Haijafunguliwa bado!"

Nikamtazama. "Kaka, pikipiki moja umeikatalia. Greda nalo utalifungulia wewe?"

Akageukia nyasi. "Ndama wa majirani wote wanaisubiri hii," akasema taratibu, akazikunja zile karatasi na kuzitia mfukoni. Nilitaka kumcheka. Lakini niliogopa kwa jinsi tulivyokuwa tumekaribia kuiuza.

Jioni ile tulizunguka nyumba kwa nyumba, watu wazima wenye mvi, kuwaambia majirani kwamba ngitili haiuzwi. Safari hii hakuna aliyetutuma. Enzi zetu mtoto akiingiza ndama alikamatwa kabla jua halijazama. Sasa mji mzima unaingia popote, na Baba hayupo wa kuukagua tumbo.

Tulimkuta Mama Nyanzobe barazani, mzee sasa, akichambua choroko. Tukamwamkia.

"Marahaba," akaitikia, akiyatazama magoti yetu. "Haya, safari hii mmeingiza nini tena?"

"Mji, mama," nikamjibu. "Tumeutoa kabla haujala."

Hakucheka.