Mbuzi watatu wasio na majina, na mbwa wangu wa manyoya

Wakuu wa humu, mlionizidi umri shikamooni, ingawa nadhani hamzidi wawili. Mimi ni nyanya wa Hewani, huku Garsen. Shule niliishia darasa la tatu, herufi zikipinda nyoosheni wenyewe. Lakini haya yamenipata mimi, na waliokuwepo wako hai, waulizeni.

Ilianza na mbwa.

Binti yangu Rahel alikuwa akifanya kazi Malindi kwa mzungu mmoja. Mzungu akahama, akamwachia mbwa wa kwao wa kuchungia kondoo, wanaitwa koli. Rahel akaniletea. Manyoya yanafagia chini, pua ndefu, macho ya mtu anayesikiliza umbea. Jina lake Bruno.

Wakuu, manyoya marefu kwenye joto letu ni kazi. Mchana analala mferejini, anatoka kama gunia la mkaa lililolowa. Kupe wanajificha nyuma ya masikio. Usipomchana siku mbili, nywele zinashikana kama mkeka. Nilimnunulia chanuo lake, langu alishaling'oa meno.

Na hapendi vitu vikae mbalimbali. Kuku wakitawanyika anawakusanya. Wajukuu wakicheza anawazunguka mpaka wanabanana ukutani. Tulikuwa tunacheka tu.

Sasa sikilizeni.

Mimi mbuzi wangu siwahesabu, nawaita. Jioni nasimama mlangoni mwa zizi: Sikitu, Kifuu, Mama Tabu, Tabu mwenyewe, Mawingu, Chelewa. Basi.

Jioni moja nikamaliza kuita, na mle ndani kuna watatu zaidi wananitazama. Hawana jina.

Nikashika sikio la mmoja. Ncha ya kushoto imekatwa. Hiyo ni alama ya nyumba ya Barisa wa Dube, Muorma. Mifugo yake hushuka kunywa kwenye malka, ile njia ya mtoni inayopita ubavuni mwa shamba langu.

Kama hamkai huku hamwezi kujua. Sisi Wapokomo ni watu wa jembe, wao ni wa mifugo. Mbuzi wa Muorma akilala kwa Mpokomo si mbuzi tena, ni kesi. Hapa watu wamewahi kuzika watu kwa ng'ombe aliyeingia kwenye mpunga.

Alfajiri nikawatoa kimyakimya, nikawaswaga hadi malka. Hapo ndipo nilipokosea. Mtu msafi hurudisha mali ya watu akipiga kelele.

Jioni yake wakawa wanne.

Nikajua kuna mtu ananiwekea. Na nikamjua: shemeji yangu Hajilo, mdogo wa marehemu mume wangu. Kila alasiri hupita kwangu kwenda kutazama mitego yake ya kambare. Na aliwahi kusema, mbele ya mama yao Hawaye, kwamba shamba lile mwanamke peke yake haliwezi. Nikiitwa mwizi wa mbuzi nitahama, shamba libaki kwake. Niliona imekaa sawa kabisa.

Jumapili baada ya ibada nikamfuata nje, akina mama wote wapo.

"Shemeji, mbuzi wa watu wanaingia kwangu kwa miguu gani?"

"Kwa minne, shemeji. Ulitaka waje na bodaboda?"

Wakacheka. Nikawaka. "Wewe ndiye unayeniwekea! Unataka nichomewe nyumba!"

Akavaa kofia yake, akaondoka. Tangu hapo akawa anazunguka mbali kwenda kwenye mitego.

Mbuzi wakaendelea kuja. Nikasema, basi amemtuma mtu.

Alhamisi mke wa Barisa akanikuta mtoni. Aliongea bila kuniangalia. "Mama Rahel, mzee anakuja kesho baada ya swala. Anakuja na wazee. Tumekuona na mbuzi wetu alfajiri."

Ijumaa asubuhi uji wangu nikawamwagia kuku. Nikamshika Bruno nimchane, mikono ipate kazi. Tumboni na mapajani nikatoa miba ya mathenge, ule mti wa miba unaovamia mashamba, mingi, mibichi.

Nikaweka chanuo chini.

Kwangu hakuna mathenge. Yote iling'olewa mwaka jana, na aliyeing'oa ni Hajilo, siku nne, mikono inatoka damu. Mathenge iko malka tu.

Nikamtazama Bruno. Akatazama pembeni.

Nikamfunga. Barisa alipofika na wazee wawili nikawaambia, "Kabla hamjasema neno, simameni hapa mtazame."

Mbuzi wake wakashuka kunywa. Nikamfungua Bruno. Akainama kama anayenyemelea panya, akazunguka malka, akawatenga watatu waliobaki nyuma, akawaleta polepole mpaka ndani ya zizi langu. Kisha akawaona wazee wamesimama mbalimbali. Akaanza kuwazunguka na wao.

Barisa akakusanya kikoi. "Mama Rahel, mwite mnyama wako! Asinilambe, nina udhu!"

Mzee mmoja alicheka mpaka akakaa chini. "Barisa, nawe unaingizwa zizini!"

Tukakubaliana Bruno afungwe kuanzia adhuhuri mpaka mifugo yao ipande kutoka mtoni. Barisa akachukua mbuzi wake, akanipa mkono.

Yeye alinisamehe siku hiyo hiyo.

Jumapili nikasimama mbele ya akina mama wale wale, nikasema nilimsingizia Hajilo. Mwenyewe hakuwepo. Nikampelekea wali na samaki. Sahani imerudi imeoshwa vizuri, tupu. Huku kwetu sahani ya mtu hairudi tupu.

Funzo langu, wakuu: kabla hujamshuku mtu, mchane mbwa wako kwanza.

Mwenye dawa ya kupe wa kwenye manyoya marefu aandike hapo chini. Na anayejua chakula cha kumrudisha shemeji, huyo aanze yeye.